Kutoa nywele za mwili kwenye joto la Mombasa: mwongozo kamili wa sukari, wembe, dawa na uzi

Kila Kaskazi, upepo wa miezi ya joto, ikianza kuvuma, malalamiko yanayonifikia huwa ya aina moja. Dada mmoja wa Kisauni aliniambia sukari aliyoipika ilimgandia kwapani kama utomvu wa fenesi. Aliitoa kwa kuoga maji moto, na nywele zote zikabaki palepale zikimcheka. Mwingine, wa Majengo, yake iligeuka chengachenga sufuriani kabla hajaigusa. Wa tatu aliungua vidole.

Nimetoa watu nywele nyumbani kwangu Mji wa Kale kwa muda wa kutosha kujua kwamba wawili wa kwanza hawakukosea sana. Walifuata mapishi yaliyotungwa na watu wa hewa kavu. Hapa kwetu hewa yenyewe ni maji, na sukari hunyonya maji popote inapoyapata: hewani, kwenye jasho, kwenye ngozi iliyopanguswa nusunusu. Ukilishika hilo, nusu ya kazi umeimaliza. Nusu ya pili ni kukubali kwamba sukari si ya kila mahali mwilini, na ziko sehemu ambazo wembe wa shilingi chache unaishinda.

## Vitu vya kuweka tayari

Viweke vyote mezani kabla hujawasha jiko. Sukari ikishachemka haikupi nafasi ya kwenda dukani.

- Sukari nyeupe vikombe viwili, kama gramu 400. Sukari guru haifai, huungua mapema.
- Ndimu tatu za wastani, zikamuliwe na kuchujwa upate robo kikombe.
- Maji ya kunywa robo kikombe. Usitumie maji ya kisima yenye chumvi.
- Sufuria ya kitako kizito, kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, kwa sababu shira hupanda na povu.
- Mwiko wa mbao, na glasi ya maji baridi kwa kupimia.
- Bakuli la glasi nene au kopo la chuma lenye kifuniko. Plastiki nyepesi itayeyuka.
- Poda isiyo na manukato.
- Kanzu kuukuu ya pamba au shuka, ikatwe vipande vya upana wa vidole vinne na urefu wa kiganja na nusu.
- Glavu nyembamba, taulo mbili kavu, feni.
- Jeli ya aloevera isiyo na pombe wala harufu.

Kipimajoto cha jikoni kinasaidia ukiwa nacho. Mimi nilipika miaka bila hicho.

## Hatua ya 1: Hakikisha ngozi yako inaruhusu

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoleta majuto.

Kwanza, mkorogo. Najua hakuna anayependa kuulizwa, lakini mimi humuuliza kila anayekaa mbele yangu. Mafuta ya kujichubua mara nyingi huwa na steroidi, haidrokwinoni au zebaki. Steroidi huipunguza ngozi unene, na ukivuta sukari juu ya ngozi ya namna hiyo, tabaka la juu huja nayo. Kinachobaki ni kidonda kibichi, na kwenye ngozi nyeusi kidonda huacha baka linalokaa miezi.

Pili, dawa za chunusi. Ukiwa umemeza isotretinoini, subiri miezi sita tangu ulipomaliza dozi. Krimu yenye tretinoini iache angalau wiki moja kabla. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, na mwenye kisukari kisichotulia, amwone daktari kwanza.

Ukiwa mtu ambaye kovu dogo huvimba na kukua, using'oe nywele kabisa, wala usikaribie wembe wenye makali mengi. Nywele iliyoota juu ya waa lililoinuka hukatwa kwa mkasi, haivutwi. Chunjua nazo usizipitie, utazisambaza.

Halafu fanya jaribio dogo saa 24 kabla: sehemu moja ya ukubwa wa sarafu, upande wa ndani wa mkono karibu na kiwiko. Hii inahusu sukari, nta na dawa ya kunyolea pia.

Dalili ya kwamba uko sawa: kesho yake pale pa majaribio hapana malengelenge, hapawashi, na rangi imerudi ya kawaida.

## Hatua ya 2: Chagua njia kwa kuangalia mahali

Watu huniuliza njia ipi ni bora. Swali hilo halina jibu mpaka uniambie unazungumzia kwapa, mguu au kidevu.

Miguu na mikono. Hapa sukari ndiyo mfalme. Eneo ni pana, ngozi imekaza, nywele zimeelekea upande mmoja. Malaika wa mikononi, zile nywele laini, hutoka kirahisi. Utakaa wiki tatu hadi sita kabla ya kuona zimerudi. Nta ya dukani hufanya kazi hiyohiyo, ila huvuta ngozi pamoja na nywele, na mabaki yake hayatoki mpaka kwa mafuta. Sukari hutoka kwa maji.

Kwapa. Sukari inafaa, ila nywele za kwapani zimeota pande mbili au tatu, kwa hiyo utaitoa kwa mafungu. Na kwapa la Mombasa halikauki. Ukiwa mgeni wa sukari, anza na miguu, urudi kwapani mwezi unaofuata.

Mdomo wa juu na mashavu. Uzi wa pamba, unaosokotwa ili unase nywele na kuzing'oa. Fundi mzuri wa uzi humaliza mdomo wa juu kwa dakika chache, na ngozi haiguswi na kitu chochote isipokuwa pamba. Hudumu wiki mbili hadi nne. Nyusi siziongelei hapa. Wengi wetu tunaijua hadithi ya Mtume inayokataza kuzinyonyoa, na kila mtu anajua mpaka wake.

Kinena. Hapa nitakuwa mkali: usijifunzie sukari kinenani. Ngozi ni laini, imelegea, na damu iko karibu. Punguza kwa mkasi kisha tumia wembe mpya. Kwa Waislamu hesabu ya siku 40 bila kuzitoa nywele hizi ni kikomo, si ratiba, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja nywele zirefuke ndipo uhangaike.

Ndevu. Wanaume wenye nywele za kujikunja na vipele vya shingoni hawana tatizo la kinyozi mbaya tu. Tatizo ni wembe wa makali matatu au matano. Nitalieleza chini.

Na tuliweke wazi jambo moja. Wembe hauzidishi nywele wala hauzifanyi nene. Nywele ambayo haijakatwa ina ncha iliyochongoka. Ukiikata kwa wembe inabaki na ncha butu, na inapochomoza unaihisi kama kisiki. Shina lenyewe chini ya ngozi halina habari kwamba umepita juu.

## Hatua ya 3: Urefu wa nywele na wakati wa siku

Nywele zinatakiwa ziwe na urefu wa punje ya mchele, karibu milimita 6. Fupi kuliko hapo, sukari haina cha kukamata. Zikizidi sentimita moja, maumivu huongezeka na nyingi hukatikia njiani, kwa hiyo zipunguze kwa mkasi. Aliyezoea wembe aache kunyoa wiki mbili hadi tatu. Najua inakera, lakini hakuna njia ya mkato.

Chagua saa. Mchana wa Februari saa nane, hata mimi sifanyi. Anza mapema, kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, dirisha wazi, feni ikielekea kwenye ngozi. Wakati wa Kusi, upepo wa miezi ya ubaridi, una nafasi zaidi, lakini siku ya mvua hewa huwa nzito na sukari hulegea vilevile. Usifanyie kazi hii bafuni. Mvuke wa bafuni ndio uliomwangusha dada wa Kisauni.

Oga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida ili mafuta na chumvi ya jasho viondoke, kisha jikaushe kwa taulo, halafu kaa mbele ya feni dakika kumi. Usipake mafuta ya nazi, wala losheni, wala kiondoa harufu ya kwapa.

Dalili ya mafanikio: ukipitisha kiganja kwenye ngozi, kinateleza bila kukwama. Kikikwama, bado una maji.

## Hatua ya 4: Kupika

Hapa mtu wa pwani ana bahati, kwa sababu shira tunaijua tangu utotoni. Shira ya kaimati ni mwanzo wa safari: inachuruzika. Gubiti, peremende ngumu ya sukari, ni mwisho wake: inavunjika ukiiuma. Sukari ya kutolea nywele iko katikati, na imeegemea zaidi upande wa shira nzito kuliko upande wa gubiti.

1. Tia sukari, maji na maji ya ndimu sufuriani jiko likiwa bado halijawashwa. Koroga mpaka sukari yote ilowe. Asidi ya ndimu huivunja sukari iwe aina mbili nyepesi, glukosi na fruktosi, ambazo hazipendi kurudi kuwa chenga. Ukipunguza ndimu, utaishia kama yule wa Majengo.

2. Washa moto mdogo. Endelea kukoroga polepole mpaka usione chenga hata moja.

3. Ikianza kuchemka, acha mwiko. Kuanzia hapa usikoroge. Chenga moja iliyokwama ukingoni ikidondoka ndani huita wenzake, na dakika mbili baadaye una kashata isiyo na nazi. Chenga zikionekana kando, zipanguse kwa brashi iliyolowa maji.

4. Tazama rangi. Kutoka maji meupe itakuwa kama chai ya rangi nyepesi, halafu kama asali. Mapovu makubwa yenye kelele yatageuka madogo, mazito, yanayopasuka polepole. Kwa jiko la gesi na moto mdogo huchukua kama dakika kumi baada ya kuchemka. Kwa jiko la makaa usihesabu dakika, hesabu rangi.

5. Mwenye kipimajoto atoe kwenye nyuzi 118. Wakati wa Kaskazi mimi husubiri 120 au 121, kwa sababu najua hewa itairudishia maji. Nyuzi mbili au tatu zinaonekana si kitu, lakini ndizo zinazotenganisha sukari inayong'oa na sukari inayonata.

Tahadhari kubwa. Shira kwenye joto hili ni mbaya kuliko maji yanayochemka, kwa sababu inaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Watoto wasiwepo jikoni. Usilambe mwiko, usiguse kwa kidole. Ikikudondokea, weka mahali hapo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala yai, wala unga. Palipoungua pakizidi ukubwa wa kiganja, au pakiwa usoni, nenda hospitali.

## Hatua ya 5: Pima kwa glasi ya maji

Dondosha tone ndani ya maji baridi, hesabu hadi kumi, litoe ulibonyeze.

Likitawanyika au likiwa kama kamasi, ni shira bado. Rudisha jikoni dakika moja, upime tena. Likiwa gumu na kutoa mlio likigonga glasi, umefika kwenye gubiti. Ongeza kijiko kidogo cha maji, pasha moto mdogo, upime upya. Unachotaka ni kidonge kinachoshika umbo lake, lakini ukikibonyeza kinakubali kama ulimbo uliokaribia kukauka.

Ondoa sufuria hapohapo na umimine bakulini. Ikikaa kwenye sufuria ya moto huendelea kuiva yenyewe, na hili nimelijua kwa kuharibu sufuria mbili.

Kupoa huchukua nusu saa au zaidi. Ukiona mvuke umekwisha, funika. Kila dakika inayokaa wazi inakunywa hewa ya bahari.

## Hatua ya 6: Kukanda

Ikiwa vuguvugu ya kushikika bila kuruka, vaa glavu, chota donge la ukubwa wa ndimu ndogo, ulivute na kulikunja, ulivute na kulikunja. Mara ishirini au thelathini. Hewa inaingia ndani na rangi inabadilika: kutoka asali inayopenyeza mwanga hadi dhahabu iliyofifia, kama maziwa yaliyotiwa manjano.

Mapishi mengine yatakwambia ulowe vidole. Kwetu usifanye hivyo kamwe. Glavu na poda kidogo ndiyo njia.

Dalili ya mafanikio: donge linavutika bila kukatika, halibaki kwenye glavu, na ukilitua mezani linalala polepole. Likitiririka lenyewe ni laini mno kwa mkono, lakini usilitupe. Litumie pamoja na vipande vya kanzu, kama nilivyoeleza mwisho wa hatua inayofuata.

## Hatua ya 7: Kupaka na kuvuta

Nyunyiza poda kidogo kwenye ngozi, kisha uipanguse ibaki kama ukungu tu. Poda inakunywa jasho la mwisho na kuzuia sukari kushika ngozi hai. Ikizidi, sukari haitashika hata nywele.

Tazama nywele zinakoelekea. Mguuni kwa kawaida ni kwenda chini, lakini karibu na goti hugeuka. Kwapani tazama kwenye kioo.

1. Weka donge na ulisukume kwa vidole kinyume cha nywele, ulikandamize. Eneo lisizidi urefu wa kidole cha shahada. Pitisha mara mbili au tatu juu ya pahali pamoja ili sukari izishike nywele karibu kabisa na ngozi.

2. Kwa mkono wa pili, kaza ngozi. Hii ndiyo siri ya maumivu madogo. Ngozi iliyolegea huvutwa pamoja na nywele na kuvilia damu.

3. Chomoa kwa mtupo mfupi wa kifundo cha mkono, kuelekea nywele zinakoota, sambamba na ngozi. Usivute kwenda juu kama anayefungua mlango. Ukivuta juu, nywele hukatika na shina hubaki.

4. Bonyeza mahali hapo kwa kiganja mara moja. Neva hutulia.

Donge moja hufanya kazi mara kadhaa. Likianza kulegea kwa joto la mkono, liache, chota jipya. Usipambane na donge lililochoka. Na pahali pamoja usipapitie zaidi ya mara mbili siku hiyo, nywele zilizobaki zitoe kwa kibano.

Ikiwa sukari yako ni laini, utaratibu hugeuka. Paka kwa kisu butu kuelekea nywele zinakoota, tabaka jembamba sana, bandika kipande cha kanzu, kisugue, kaza ngozi, kisha ukivute kinyume cha nywele, sambamba na ngozi. Watu wengi huchanganya pande hizi mbili. Andika kwenye karatasi, bandika ukutani.

Dalili ya mafanikio: tazama nywele zilizoshikwa na sukari. Mwishoni mwake kila moja ina kichwa kidogo cheupe. Hicho ndicho kiini cha shina. Ukiona nywele bila vichwa vyeupe, umezikata, hujazing'oa, na baada ya siku chache zitachomoza kama za wembe. Vitone vyekundu na joto kidogo ni kawaida. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa: joto lipungue ndani ya saa chache.

Sukari iliyotumika kwa mtu mmoja haitumiki kwa mwingine, na kisu kilichogusa ngozi hakirudi bakulini. Mimi niliwahi kulipia nta kwenye saluni moja mjini. Fundi alichovya kijiti kilekile kwenye chungu cha wateja wote, na fedha zangu zikaniletea majipu kumi na moja ya mguu wa kushoto. Sikuwahi kurudi.

## Ikigoma, sababu ni hizi

*Imeganda kwenye ngozi.* Jasho, au ilikuwa haijaiva vizuri. Usiisugue. Weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu, itayeyuka yote. Kausha, pumzika, irudishe sukari iliyobaki jikoni dakika moja.

*Inang'oa nywele nusu.* Nyingine zilikuwa fupi mno. Nywele haziishi kwa mwendo mmoja: baadhi zinakua, baadhi zimepumzika chini ya ngozi na hazijatoka. Mara ya kwanza usitarajie mguu wa kioo. Mara ya tatu au ya nne, ukishika vipindi, utaona tofauti.

*Imekuwa ngumu kwenye kopo.* Liweke kopo ndani ya maji moto. Usilipashe moja kwa moja motoni.

*Imekuwa chengachenga.* Ndimu kidogo, au ulikoroga. Ongeza maji na ndimu, anza upya. Haijaharibika.

## Hatua ya 8: Siku tatu zinazofuata

Osha kwa maji baridi, paka aloevera, vaa nguo pana ya pamba. Kwa saa 24 hakuna bahari, hakuna kukimbia kando ya bahari pale Mama Ngina ukitoka jasho, hakuna manukato wala kiondoa harufu kwapani. Vinyweleo viko wazi, na chumvi, jasho na pombe ya manukato vitakuchoma.

Siku ya tatu chukua dodoki laini ujisugue polepole, kisha mara mbili kila wiki. Nywele zetu zimejikunja, na zinaporudi huweza kujichimbia chini ya ngozi badala ya kutoka nje. Dodoki huzifungulia njia. Kipele chenye nywele ndani yake usikichokonoe kwa sindano. Kiwekee kitambaa cha maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, kitafunguka. Kikijaa usaha au kikisambaa, ni kazi ya daktari.

## Kwa wanaobaki na wembe

Wembe una sifa mbaya kuliko inavyostahili. Makosa ni matatu.

La kwanza ni maji. Nyumba nyingi za Mombasa huoga maji ya kisima, na maji yenye chumvi hayatoi povu. Unadhani umepaka sabuni, kumbe wembe unapita kwenye ngozi tupu. Weka kando jagi moja la maji matamu ya kunyolea tu.

La pili ni makali mengi. Wembe wa makali matatu, la kwanza huvuta nywele, la pili huikata, la tatu huikata chini ya usawa wa ngozi. Nywele iliyonyooka haidhuriki. Nywele iliyojikunja inaporudi hupinda na kuichoma ngozi kutoka ndani, na hivyo ndivyo vipele vya shingo ya wanaume vinavyozaliwa. Tumia makali mamoja, nyoa kuelekea nywele zinakoota, usivute ngozi, na ukubali kubakisha kivuli kidogo. Vikishaota, acha kunyoa wiki kadhaa au tumia mashine inayoacha milimita moja.

La tatu ni kutu. Hewa ya chumvi hula wembe. Ukaushe, uuweke chumbani, uubadilishe baada ya mara tano au sita. Na wembe haukopeshwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Damu kidogo isiyoonekana inatosha kubeba homa ya ini aina ya B au virusi vya Ukimwi.

Matokeo hudumu siku moja hadi tatu.

## Dawa ya kunyolea

Dawa hizi zina chumvi za thioglikoleti ndani ya alkali kali, karibu pH 12. Zinavunja viungo vya protini ya nywele mpaka inakuwa kama uji. Ngozi nayo ni protini ya jamii hiyohiyo, kwa hiyo saa ndiyo kila kitu. Fuata dakika za kwenye pakiti, weka kengele ya simu, usilale. Usipake ukitoka kuoga maji moto, wala juu ya mkwaruzo, wala ndani ya kinena. Ya miguuni usiipeleke usoni. Ikianza kuwasha, iondoe hata kama dakika hazijafika. Hudumu siku chache hadi wiki, na harufu ya mayai viza itakaa chumbani mpaka jioni.

## Leza, kwa ufupi

Mwanga wa leza hutafuta rangi nyeusi ya nywele na kuliunguza shina. Ngozi nyeusi nayo ina rangi hiyo, ndiyo maana mashine isiyofaa huacha makovu. Kabla ya kulipa uliza jambo moja: je, ni Nd:YAG ya nanomita 1064? Hiyo ndiyo salama zaidi kwa ngozi zetu. Wakikujibu kwa kukuonyesha picha za wateja, ondoka. Utahitaji mara sita hadi nane, zikitenganishwa wiki kadhaa, na katikati unyoe tu, usitumie sukari wala uzi, kwa sababu leza inahitaji shina liwepo. Nywele nyeupe haiziwezi. Nywele nyeusi hupungua sana, si lazima ziishe zote.

Ila ukiona nywele ngumu zinaota ghafla kidevuni au kifuani, na hedhi zinarukaruka, usitumie fedha kwa leza kwanza. Huenda ni homoni, na kipimo cha hospitali ni rahisi kuliko mashine.

## Ukiwa na harusi

Bi harusi wengi huletwa kwangu siku ya hina yenyewe, na somo, mwanamke anayemfunda, amesimama mlangoni na bakuli la singo, mchanganyiko wa manukato wa kusugulia mwili. Hapo wote tumechelewa. Hesabu kinyumenyume: hina ikiwa Alhamisi, sukari ifanywe Jumatatu asubuhi, singo isianze kabla ya Jumatano, na kwenye Jumatatu na Jumanne ngozi iguswe na maji baridi na aloevera tu. Ukitoa nywele baada ya hina, utaing'oa rangi pamoja na tabaka la juu la ngozi, na maua ya mikononi yatatoka na mabaka. Anayetaka piko, rangi nyeusi ya nywele, mikononi aiepuke kabisa, kwa sababu dawa iliyomo ndani yake huwapa wengi malengelenge, na kwenye ngozi iliyotoka kuvutwa sukari hali huwa mbaya zaidi.